Ua Linamwita Nani?

Mtu wa Kamina, mji wetu hapa Kongo, akitaka kuona kwa macho yake kiti cha enzi kilichochongwa na bingwa mkubwa wa Kiluba, safari yake ni ndefu: kimoja kiko katika makumbusho ya New York, vingine viko katika makumbusho ya Tervuren nchini Ubelgiji. Akitaka kuona maua, hahitaji nauli wala pasipoti. Atoke tu parselini mwake, apite mitaani kati ya stesheni na soko, na ya kumtosha yako huko. Kwa sababu hiyo tumezoea kuyaweka mambo haya mawili mbali. Sanaa tunaihesabu kuwa jambo la wasomi na wasafiri, na maua ni mapambo ya njiani yasiyohitaji fikira. Nimekuja kutetea jambo lililo kinyume. Ua la mtaani na kazi ya sanaa vinatazamwa kwa somo moja, na anayejifunza kutazama kimoja anajifunza kutazama kingine. Hoja yangu ni kwamba kila kilicho kizuri kinamwita mtu fulani au kiumbe fulani, na mara nyingi anayeitwa si sisi. Raha ya kutazama haikomi tunapolitambua hilo. Ndipo hasa inapoanza.

Tuanze na maua, maana hayana mlinzi wala kiingilio. Kiangazi kinapokaribia kwisha, kabla mvua hazijaanza, mwamba-ngoma wenye miiba hutoa maua mekundu kwenye matawi yasiyo na majani. Kifabakazi, ambacho wengi wetu tunakiita kwa Kifaransa tulipier du Gabon, hubeba vikombe vyake vyekundu juu kabisa ya kilele. Tunaona wekundu huo tukadhani tumepambiwa sisi. Lakini nyuki anauona wekundu kwa shida, ilhali ndege anauona vizuri sana. Na wageni halisi wa maua haya ni ndege, wakiwemo chozi, wale wadogo wenye mdomo uliopinda. Jakaranda, kwa upande wake, ana rangi ya zambarau, na wanaomjia ni nyuki. Karl von Frisch, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alithibitisha mapema katika karne iliyopita kwamba nyuki huona rangi. Watafiti waliofuata wakaonyesha kwamba nyuki huona hata mwanga ambao jicho la binadamu haliufikii kabisa, hivyo petali tunayoiona kuwa haina alama yaweza kuwa na michirizi inayomwelekeza mdudu penye asali. Frangipani naye ana hila yake. Hunukia zaidi usiku ili kumvuta nondo mkubwa anayeruka gizani, na nondo akifika hakuti asali yoyote. Amebeba chavua bure. Kwa hiyo mtaa mmoja wenye miti minne una miito ya namna tatu: kwa ndege, kwa nyuki, na kwa nondo, huu wa mwisho ukiwa wa ulaghai. Sisi tunapita katikati ya mazungumzo ambayo hayakuanzishwa kwa ajili yetu.

Sasa tuzigeukie kazi za mikono. Nchi hii, kutoka Kamina kwenda Kabongo na kushuka mpaka bonde la Upemba, ilikuwa kitovu cha ufalme wa Waluba, na kazi zake zimesifiwa duniani kote. Lakini zilimwita nani? Lukasa ni kibao kidogo cha mbao kinachoshikika mkononi, kimepigiliwa shanga na wakati mwingine makombe. Hakikutengenezwa kitundikwe ukutani. Kilikuwa cha watu wa chama cha Mbudye, watunza kumbukumbu za ufalme, ambao walipapasa shanga moja baada ya nyingine kwa kidole huku wakisimulia habari za mwanzo wa ufalme, za Nkongolo Mwamba, Mbidi Kiluwe na Kalala Ilunga, njia walizopita na mahali walipotua. Mtu asiyefunzwa aliona shanga tu. Hata waliofunzwa hawakusimulia neno kwa neno yaleyale, bali kila mmoja alisoma kulingana na shughuli iliyokuwepo na watu waliohudhuria. Kiti cha enzi nacho, kile kinachobebwa na umbo la mwanamke, hakikuwa cha kutazamwa kila siku. Kilifungwa kitambaa cheupe, kikahifadhiwa katika kijiji kingine, kikatolewa kwa nadra. Na sanamu ya mwanamke anayeweka mikono kifuani haionyeshi kwanza umbo lake: mikono ile inalinda siri za ufalme zilizomo ndani yake, maana Waluba waliamini kwamba mwili wa mwanamke pekee una nguvu ya kutosha kubeba roho ya mfalme. Mfalme alipofariki, roho yake ilikaa kwa mwanamke aliyeitwa Mwadi. Haya ni maumbo yenye uzuri mkubwa, na uzuri huo ulikuwa unasema na watu maalumu, kwa wakati maalumu, wakati mwingine kwa kidole badala ya jicho.

Tukija karibu zaidi na wakati wetu, swali lilelile linatufumbua macho juu ya picha za rangi. Mwaka 1946 Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji mjini Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Humo Pilipili Mulongoy akajaza turubai zake samaki, ndege, nyoka na majani bila kuacha nafasi tupu. Mwenze Kibwanga akajenga watu na wanyama kwa michirizi mifupi iliyopangana. Bela Sara, aliyetoka Chadi, akapaka kwa ncha za vidole. Ni kazi za kupendeza, na wanunuzi wake walikuwa zaidi walowezi na watu wa Ulaya. Katika miaka ya 1970, mjini humohumo, Tshibumba Kanda-Matulu na wenzake walichora kwa ajili ya majirani zao: wafanyakazi wa migodi na wa reli, makarani, walimu, watu waliotaka picha ya kutundika sebuleni ili mgeni akiingia mazungumzo yaanze. Walichora Mamba Muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki anayeahidi utajiri na kudai malipo mazito. Walichora pia picha waliyoiita Colonie Belge, ua wa gereza, askari ana kiboko na mfungwa amelazwa chini. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikaa na Tshibumba mwaka 1973 na 1974, na zaidi ya picha mia moja za historia ya nchi zikazaliwa kutokana na mazungumzo yao. Ukiiweka picha ya Pilipili kando ya ile ya Tshibumba na kuuliza tu ni ipi nzuri zaidi, hutafika mbali. Ukiuliza kila moja inamwita nani, utaelewa kwa nini moja haina binadamu hata mmoja na nyingine imejaa tarehe, maandishi na machozi.

Hapa ndipo penye jambo linaloihusu Kamina kuliko miji mingi. Huu ni mji wa njia panda za reli. Reli ya kampuni ya BCK ilipita hapa ikafika Ilebo, iliyoitwa Port-Francqui, mwaka 1928. Na mwaka 1956 tawi la Kabalo likaunganisha Kamina na njia ya kwenda ziwa Tanganyika. Enzi hiyo ya reli na ya utawala uliokuja nayo ilihamisha vitu kwa pande mbili. Kwa upande mmoja, miji ya Katanga ilijazwa mimea ya mbali: jakaranda wa Argentina na Bolivia, flamboyanti wa Madagaska, frangipani wa Amerika, bugenvilia wa Brazili. Kwa upande mwingine, viti, fimbo za utawala, mito ya kulalia na lukasa viliondoka kwenda Ulaya. Bugenvilia linalopanda juu ya uzio wa parsele linawaita viumbe wa kwao Brazili ambao hapa hawako. Tena kile chekundu au cha zambarau tunachokiita ua ni majani yaliyogeuka rangi. Ua lenyewe ni kile kijibomba cheupe kilichomo katikati. Bustanini halizai mbegu mara nyingi, hupandwa kwa kukata tawi na kulichomeka ardhini. Na lukasa iliyomo ndani ya kioo huko Tervuren inakiita kidole ambacho hakiruhusiwi kuigusa. Mmea umekuja kwetu bila wageni wake, na kibao kimekwenda kwao bila msimulizi wake. Anayetazama vyote viwili bila kulijua hilo anaona rangi na umbo, na hajakosea kuvipenda; lakini hajui kwamba anatazama mazungumzo yaliyokatika, na kwamba huenda yeye ndiye wa kuyaunga.

Kuyaunga kunawezekana kwa njia moja iliyojaribiwa, nayo ni kulinganisha. Katika miaka ya 1930 msomi Mbelgiji Frans Olbrechts alikuwa na sanamu nyingi za Kongo zisizo na jina la mchongaji, nyingine zikiwa zimeandikiwa tu jina la eneo. Akiziweka sanamu kando kwa kando, aliona kwamba chache zilikuwa na uso uleule mrefu, mashavu yaliyobonyea, kope nzito na vidole virefu. Akahitimisha kwamba zilitoka katika mkono mmoja au karakana moja, akamwita bwana wa Buli, kwa jina la kijiji kilichohusishwa na baadhi ya vitu hivyo. Baadaye jina la Ngongo ya Chintu likapendekezwa kuwa huenda ndiye mchongaji huyo. Angalieni kilichotokea: bila sahihi na bila barua, jicho lililozoea tofauti lilimrudisha mtu aliyekuwa amefutwa ndani ya neno kabila. Wataalamu wa mimea hufanya kazi hiyohiyo. Huko kusini kwenye ukanda wa madini kuna mmea mfupi wa jamii ya mrehani, Haumaniastrum katangense, unaostahimili udongo wenye shaba ambao mimea mingi haiuwezi. Waliojifunza kuutenganisha na majani mengine waliufuata, na wanaakiolojia wakautumia kugundua mahali ambapo mababu waliyeyusha shaba. Macho mengine yangepita palepale bila kuona kitu. Hii ndiyo sababu nasisitiza utofauti. Anayetazama aina moja tu ya ua, au aina moja tu ya sanaa, hana cha kulinganisha, na asiye na cha kulinganisha huishia kusema zuri au baya.

Najua mtu makini ataniuliza: je, hukuchanganya mambo? Mchongaji ana nia, ua halina nia. Chozi hakutumiwa ujumbe na mti. Pingamizi hili lina uzito, nami sidai kwamba mti unafikiri. Lakini ua la mtaani halifiki mtaani peke yake. Kuna mtu aliyechagua bugenvilia kwa uzio wake kwa sababu lina rangi na lina miiba, likapamba mlango na kumzuia mwizi kwa wakati mmoja. Kuna aliyepanda flamboyanti kwa kivuli, na aliyekata mwembe ili waya wa umeme upite. Mtaa wenye maua ni kazi ya mikono mingi. Na kwa upande wa sanaa, nia ya mchongaji wa kiti haikuwa yake peke yake. Aliongozwa na mapokeo, na mfalme, na roho zilizotarajiwa kukaa humo. Tofauti ipo, ila haifuti kinachofanana: katika hali zote mbili umbo limekuwa hivi na si vile kwa sababu ya anayelipokea. Hilo ndilo ninalotaka litazamwe.

Mwingine atasema kwamba maswali haya yanaua raha. Ua ni la kufurahia, ukilichambua limekauka. Nitamjibu kwa jambo ambalo yeyote anaweza kulihakikisha kabla ya wiki kwisha. Chukua ua la hibiskasi kutoka kwenye uzio, chukua ua la gombo kutoka bustani ya mboga, na ukibahatika, ua la pamba. Yote yana petali tano, na katikati ya kila moja kuna nguzo iliyozungukwa na chavua. Ni ndugu wa ukoo mmoja. Mpita njia ambaye jana aliona pambo, mboga na zao la biashara, leo anaona familia iliyotawanyika katika parsele tatu, na kila atakapopita atakuwa na kitu cha kutafuta. Raha yake imeongezeka au imepungua? Kweli, maarifa hayaleti utamu mtupu. Pamba ni ndugu wa hibiskasi, na pamba katika Kongo ya Wabelgiji, tangu mwaka 1917, ilikuwa kilimo cha lazima kilichowatesa wazee wetu. Lakini wale walionunua picha ya Colonie Belge na kuitundika juu ya makochi yao walituonyesha kwamba kufurahia kazi ya sanaa si lazima kuwe burudani. Kuna raha ya kuona jambo zito limesemwa sawasawa.

Pingamizi la tatu ndilo linalosemwa kwa sauti kubwa zaidi: tumbo kwanza. Mtu anayehangaika na unga wa bukari na ada ya shule hana nafasi ya kutazama maua. Simcheki anayesema hivyo. Ila historia ya nchi hii hii haimuungi mkono. Makaburi ya kale ya bonde la Upemba, kama yale ya Sanga yaliyochimbuliwa na wanaakiolojia kuanzia mwaka 1957, yametoa vyungu vilivyofinyangwa kwa ustadi na mapambo mengi, kazi za watu walioishi kwa kuvua na kulima zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Mto wa kulalia wa Kiluba ulikuwa chombo cha kila usiku cha kulinda msuko wa nywele, na bado mchongaji alichonga juu yake watu wawili wakiwa na nywele zilizoshuka kwa ngazi. Wafanyakazi wa Katanga walionunua picha katika miaka ya 1970 hawakuwa matajiri. Wanaosema kwamba uzuri ni wa walioshiba wanawavunjia heshima maskini, kwa kuwa wanadhani shida humwondolea mtu jicho. Shida humwondolea muda, hilo ni kweli. Lakini njia ya kwenda sokoni ataipita vyovyote vile, na kuuliza swali akiwa njiani hakumchukui dakika hata moja.

Pingamizi la mwisho linatoka kwa wapenda nchi: kwa nini tusifu maua ya kigeni yaliyoletwa na mkoloni? Hapa pia tulinganishe kabla ya kuhukumu. Muhogo na mahindi vimetoka Amerika, mwembe umetoka Asia, na hakuna anayeita sombe chakula cha kigeni. Shanga nyingi za lukasa, kile kitu kilicho cha Kiluba kuliko vyote, ni za kioo zilizoletwa na biashara kutoka ng'ambo. Ugeni si kosa. Kosa, likiwepo, liko katika kazi ambayo kitu kinaifanya. Lantana, yule mwenye vichwa vya maua ya njano na waridi, ametoka Amerika, na mahali pengi barani amevamia malisho na pori. Huyo ni wa kung'olewa hata kama anapendeza. Lakini kifabakazi chetu nacho, mwenyeji wa Afrika, kimekuwa mvamizi Hawaii na Fiji. Ninachokubaliana na wapenda nchi ni hiki: tunapopanda upya, tusiwasahau wa kwetu. Kifabakazi na mwamba-ngoma vinastahili nafasi kando ya barabara zetu kwa sababu ndege wanaoviitikia wako hapa, na mwito wao bado unajibiwa.

Haya yote yanatudai nini? Kwa walimu, yanadai somo lisilo na gharama: kutembeza darasa mtaani mara moja kwa majira, mwanafunzi achague ua moja, aandike linatoka wapi, nani amelipanda, na nani analitembelea, kisha maswali hayohayo yaulizwe juu ya picha ya lukasa katika kitabu, picha ya ukutani kwa jirani, kitambaa cha mama na nakshi za chungu. Kwa wazazi na wazee, yanadai majina: mti wa miombo ambao majani yake machanga huwa mekundu kabla ya mvua una jina la Kiluba ambalo mtoto hataliokota shuleni asipoambiwa nyumbani. Kwa serikali na wanaojadili urejeshaji wa mali zetu, yanadai zaidi. Mwaka 2022 Ubelgiji iliikabidhi Kongo orodha ya vitu vipatavyo 84,000 vilivyoko Tervuren, na mwaka huohuo ikapitisha sheria ya kuvirejesha vile vilivyochukuliwa isivyo haki. Ni hatua njema, lakini kiti kikirudi kikakuta watu wasiojua kilimwita nani, kitakuwa kimehama kioo tu, kutoka kioo cha Ulaya kwenda kioo cha Kinshasa. Kurejesha kitu ni kazi ya wanasheria na ndege za mizigo. Kumwandaa anayeitwa na kitu hicho ni kazi yetu, na kazi hiyo haina haja ya kungoja saini ya mtu yeyote. Mtoto wa Kamina anayeweza kuonyesha undugu wa gombo na hibiskasi, na kueleza kwa nini ndege huliendea ua jekundu, ameshaanza kupata jicho litakaloisoma lukasa.